Kiti cha Tata

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mjini Kisii, mtu hatembei, husukumwa. Jumatatu hiyo Thadeus Onyiego alikuwa amesukumwa na akina mama wa ndizi, akasukumwa na mikokoteni ya kabeji, mpaka akajikuta ameegemea rundo la vyuma vikuukuu. Haidhuru, ndiko alikokuwa akienda. Aliinama, akapenyeza mkono katikati ya mabati na ekseli zilizopinda, akashika kitu cha mviringo kilichokuwa laini chini ya kutu. Alipokivuta, nacho kikamvuta.

Upande wa pili wa rundo kulikuwa na mkono mwingine.

"Achilia, kaka," ilisema sauti ya kike, bila hasira, kama mwalimu anayemwambia mtoto ateme alichokitia mdomoni.

Thadeus aliinua macho. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya buluu iliyokunjwa mikono hadi viwikoni, gambuti nyeusi miguuni, na kitambaa cha manjano kichwani kilichofungwa vizuri kuliko vitambaa vya waendao harusini. Masikioni alitia vipuli vidogo vyeupe. Juu ya shavu lake palikuwa na doa la grisi, na Thadeus, bila kujua kwa nini, alitamani kulifuta kwa kidole gumba.

"Mimi ndiye niliyetangulia," alisema.

"Kutangulia kufanya nini?"

"Kukiona."

"Mimi nimekitafuta miaka miwili. Wewe hata unajua ni kitu gani?"

"Ni ringi. Dada yangu ana saluni, nataka kumtengenezea kioo."

"Kioo cha saluni!" Mwanamke yule alimtazama kama aliyesikia mtu akitaka kuchoma kitanda cha bibi yake apikie uji. "Hii ni ringi ya taa ya Mercedes. Lori la pua, la mwaka wa sabini na nne. Zimebaki ngapi huku kwetu? Ziko chini ya vidole vya mkono mmoja. Na wewe unataka watu wajiangalie nyusi ndani yake!"

Thadeus aliangua kicheko. Alikuwa fundi wa viti vya magari, mwenye kibanda chake karibu na stendi, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa ameshona viti vya matatu, vya teksi na hata vya gari la maiti. Hakuwahi kukutana na mtu aliyeitetea ringi kwa uchungu kiasi hicho.

"Sawa, chukua," alisema, akaiachilia. "Lakini kwa sharti. Nilione hilo lori."

"Ukija na hivyo viatu vya kung'aa utajuta."

"Nitajuta nikiwa nimeshaliona."

Mwanamke akatabasamu, doa la grisi likapanda kidogo. "Drusilla Angwenyi, wa Nyaramba. Mchana nafundisha fizikia shule ya upili. Jioni nafundishwa na lori."

* * *

Simu zilianza siku ya tatu.

"Hallo, mtu wa saluni."

"Hallo, mama wa ringi. Imekaa?"

"Imekaa kama pete kidoleni. Njoo Jumapili. Jumamosi sisi ni Sabato, sishiki spana."

"Na mimi Jumapili nina misa ya kwanza. Nitafika saa nne."

"Mkatoliki! Mama atakuombea."

"Mwambie aanze mapema, dhambi ni nyingi."

Alifika saa nne, na kweli alijuta viatu, maana mvua ya usiku ilikuwa imeyafanya matope ya Nyaramba kuwa kama uji wa wimbi. Lakini alipoliona lori, alisahau miguu. Lilisimama nyuma ya nyumba, chini ya mikaratusi, na boneti yake ilitangulia mbele kama pua ya mtu anayejiheshimu. Rangi ya kijani ilikuwa imefifia. Palipokuwa na kutu Drusilla alikuwa ameparuza kwa msasa na kupaka dawa nyekundu, hata likaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji. Lile jicho la kulia sasa lilikuwa na ringi yake, inang'aa.

"Liliwahi kulala hapa miaka kumi," Drusilla alisema. "Kuku walitaga ndani ya boneti. Lilikuwa la tata." Tata ndilo neno ambalo Wagusii humwitia baba, na kila alipolitamka sauti yake ilishuka kidogo. "Mose Angwenyi. Aliliendesha miaka ishirini na tisa. Pareto, ndizi, mbao, hadi Mombasa na kurudi. Alipofariki, watu walikuja kutaka kulikata wauze chuma. Nikamwambia mama, ni heri wanikate mimi."

Hakuwa peke yake katika wazimu huo. Palikuwa na chama kizima, Chama cha Malori Makongwe, wanachama saba na malori sita, kila Jumapili kwa mwenzao. Mwenyekiti alikuwa Mzee Anyona wa Gesima, mkulima wa chai mwenye kofia ya manyoya na Bedford aliyoipenda hata mkewe akaizoea kama mke mwenza. Siku ile walikuwa wamekuja kujaribu kuiwasha injini ya Drusilla kwa mara ya kwanza. Walikuwa wamekwisha kusafisha tangi, wamebadilisha nozeli zinazorushia injini mafuta, wameitoa hewa kwenye mabomba ya dizeli. Mzee Anyona aliweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa.

"Mwamshe, mwalimu," alisema. "Lakini taratibu. Huyu ni mtu mzima."

Drusilla alipanda. Mara ya kwanza ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa na kupiga chafya. Mara ya tatu moshi mweusi ukaruka juu ya mikaratusi, kuku wakatawanyika, na injini ikashika, ikanguruma kwa sauti nzito iliyomwingia Thadeus kupitia nyayo za miguu. Wazee walishangilia. Mama yake Drusilla, Gladys, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni akilia na kucheka kwa pamoja. Na Drusilla, kule juu kwenye kebini, alikuwa amefumba macho.

Thadeus alimtazama, akajua kwamba Jumapili zake zimekwisha kupata mwenyewe.

* * *

Miezi minne ikapita tamu kama muwa. Thadeus alijifunza kuparuza kutu bila kuumiza chuma, na kutofautisha kwa sikio nozeli nzima na iliyoziba. Drusilla alijifunza kwamba fundi huyu anaimba anapofanya kazi, na kwamba huimba vibaya. Alikuwa akipitia kibandani kwake akitoka shuleni, amevaa gauni lake la maua na sweta ya mwalimu, anakalia kiti cha matatu kisichokamilika huku wanakunywa chai.

"Unanuka gundi," alimwambia siku moja.

"Na wewe unanuka dizeli. Tukioana watoto watazaliwa kituo cha mafuta."

Drusilla akamrushia kipande cha sponji. Lakini hakukataa lile neno, na Thadeus aliona kwamba hakulikataa.

Mwezi wa saba Drusilla alikileta kiti cha dereva, amekifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki ya boda. Thadeus alikitazama kwa jicho la kazi. Fremu ilikuwa imeliwa na kutu. Ngozi ilipasuka, na palipopasuka mtu alikuwa amepashona kwa uzi wa katani, mishono mikubwa kama ya gunia la kahawa. Katikati palikuwa na bonde ambalo kuku angeweza kuatamia.

"Nikifanyeje, mpenzi?"

"Kirudishe kilivyokuwa."

"Kilivyokuwa?"

"Kilivyokuwa kabisa, Thade. Usinibadilishie kitu."

Ndipo balaa lilipojificha, ndani ya neno moja. Maana Thadeus alielewa kilivyokuwa siku kilipotoka kiwandani. Akatafuta picha za malori ya zamani, akaona mistari ya mishono, akahesabu vifungo. Alichomelea fremu mpya, akajaza sponji nzito ya daraja la kwanza, akakivika ngozi nyekundu ya damu ya mzee. Hakulala vizuri majuma mawili kwa furaha. Na kwa kuwa mapenzi hayajui kiasi, mgongoni alidarizi kwa uzi wa manjano, herufi zenye mikia: *Drusilla*. Kile kiti cha zamani alikiweka nje ya mlango. Mwanamke mmoja muuza ndizi kutoka Ogembo, aliyezoea kupita pale siku za soko, aliuliza kama kina mwenyewe.

"Chukua tu, mama," Thadeus alimjibu, sindano mdomoni.

* * *

Siku ya kukionyesha ilikuwa Jumapili, nyumbani kwa Mzee Anyona, Gesima. Malori sita yalipangwa mstari mmoja kando ya shamba la chai, yameoshwa, yamepakwa mafuta matairi. Lile la Drusilla lilikuwa limefika kwa nguvu zake lenyewe, Drusilla akiliendesha akiwa amekalia ubao, na Thadeus alikuwa amekifunga kiti kipya asubuhi hiyo huku Drusilla akiwa jikoni na wake za wanachama. Alikuwa amekitandikia shuka.

"Funga macho," alimwambia, akimsaidia kupanda. Drusilla alivaa gauni la kijani na viatu vya chini, ameweka nywele mafuta. Wanachama walikusanyika wakitabasamu. Thadeus akavuta shuka.

Drusilla alifumbua macho. Alikitazama kiti kwa muda mrefu. Kisha akapitisha kiganja katikati yake, polepole, mara mbili, kama anayetafuta kitu gizani.

"Kiko wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Kiti cha tata."

"Si ndicho hiki, mpenzi. Nimekirudisha kilivyokuwa. Kama kimetoka kiwandani jana."

"Nilikwambia kilivyokuwa! Tata alivyokiacha! Cha zamani kiko wapi, Thadeus?"

"Nilikigawa."

Wanachama wakaanza kuangalia viatu vyao. Drusilla alimgeukia, na ulimi hauna mfupa.

"Umekigawa. Kwa nini nilitegemea kitu kingine? Wewe ni fundi wa viti vya matatu. Kwako wewe kila kitu ni kung'aa tu. Ukipewa kaburi utalipaka vanishi."

Neno hilo lilimwingia Thadeus mbele ya watu saba na malori sita. Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Na wewe, mwalimu, unawapenda wafu kuliko walio hai. Kaa nao."

Akashuka, akashika njia katikati ya majani chai. Mvua ya alasiri ilimkuta kabla hajafika barabarani. Hakuna aliyemfuata.

* * *

Juma lile kibandani hakukuwa na wimbo. Simu ililala juu ya meza kimya kama jiwe. Alhamisi, Bedford ya Mzee Anyona ilisimama nje, na mzee akashusha kile kiti chekundu.

"Amesema nikurudishie," alisema, akakikalia mwenyewe bila kukaribishwa. "Kazi nzuri. Mgongo wangu unakushukuru."

"Basi kaa nacho, mzee."

"Kijana, sikiliza. Katika chama chetu kuna watu wa rangi na kuna watu wa makovu. Mimi ni mtu wa rangi. Bedford yangu naipiga rangi kila Krismasi. Drusilla ni mtu wa makovu. Hakuna aliyekosea. Lakini wewe ulifanya kazi ya mtu wa makovu bila kumwuliza kovu ni lipi." Alivua kofia, akaipangusa. "Marehemu Mose hakuwa mtu wa kupigwa picha. Nyumbani kwake ipo ya kitambulisho tu, ndogo kama ukucha. Lile bonde kwenye kiti, ndilo umbo lake lililobaki. Yule mtoto alikuwa akilikalia kila jioni kabla hata ya kushika spana ya kwanza. Nilimwona mwenyewe."

Mzee alipokwenda, Thadeus alifunga kibanda saa tano asubuhi, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akapanda gari la Ogembo.

Haikumchukua muda kumpata. Mama Mong'ina, yule muuza ndizi, alikuwa katikati ya soko la ndizi, amezungukwa na mikungu, kanga mbili kiunoni, ameketi juu ya kiti cha Mose Angwenyi kama hakimu mahakamani.

"Fundi! Mungu akubariki na kizazi chako," alipaza sauti. "Mgongo ulikuwa unaniua tangu mtoto wa tano. Tangu nikalie hiki, nalala kama bibi harusi."

Thadeus alichutama mbele yake. "Mama, nimekuja kukiomba."

"Kuomba nini?"

"Kiti."

"Kitu ulichonipa kwa mkono wako mwenyewe?" Wauzaji wenzake waligeuka. "Mwaona, Ogembo? Mtu anampa bibi kizee kiti, bibi akishapona anakuja kumnyang'anya!"

Alilazimika kusimulia yote, katikati ya ndizi: lori, baba, bonde, neno alilolisema Gesima. Mong'ina alisikiliza bila kuacha kupanga vichane. Mwisho akauliza:

"Huyo msichana unampenda?"

"Nampenda, mama."

"Na ulimwambia anapenda wafu?"

"Nilimwambia."

"Hm. Mjinga wewe." Akainuka, akikunja uso kwa maumivu ya mgongo, akakipiga kiti kofi la kuaga. "Chukua. Lakini utanitengenezea kingine, kizuri kuliko hiki, na uniletee hapa hapa sokoni, wanione hawa wanaocheka."

Siku sita Thadeus alikaa na kiti kile. Hakuligusa bonde. Aliingia kwa chini, akafungua gunia la kitako, akaunga springi zilizokatika, akaiparuza kutu fremu na kuiunganisha palipokuwa pamelika, bila kuibadilisha. Palipopasuka ngozi upya, alipashona kwa uzi wa katani, mishono mikubwa, akiifuata mishono ya marehemu. Kadiri alivyofanya kazi, ndivyo alivyozidi kumfahamu mtu yule. Alikuwa mzito wa paja, mwepesi wa mabega. Na bonde halikukaa sawasawa. Liliinamia kushoto, mbali na mlango.

Alikipeleka Nyaramba siku ya Jumatano, wakati Drusilla yuko darasani, akakifunga kwa boliti nne. Gladys alisimama chini akimtazama, amejifunga leso.

"Mama, samahani kuuliza. Marehemu alikuwa na maumivu? Kiti kinaonyesha alikuwa akikaa upande."

Gladys alicheka, akaziba mdomo kwa ncha ya leso kama msichana.

"Hakuwa na maumivu yoyote. Kabla sijapata watoto nilikuwa nasafiri naye. Mombasa nimeenda mara tisa. Alikuwa akiegemea upande wangu tupate kuzungumza, kwa sababu ya ile kelele. Nilipoacha kusafiri, aliendelea kuegemea vilevile." Alitazama juu kwenye kebini. "Hata Drusilla sijawahi kumwambia. Mambo ya wazee."

"Mwambie, mama," Thadeus alisema. "Atafurahi." Kisha akaomba radhi kwa neno lile la Gesima, akakataa chai, akaondoka kabla shule haijafunga.

Jioni simu ililia. *Drusilla.* Ililia mara ya pili, na ya tatu. Thadeus alikaa akiitazama kwa woga wa mtu aliyeitwa ofisini na mkuu wa shule. Angesema nini? Mwisho aliandika: *Kiti kimerudi kama baba yako alivyokiacha. Nisamehe kwa neno nililolisema.* Akazima simu, maana moyo wake ulikuwa unapiga kama cherehani.

* * *

Jumapili iliyofuata chama kilikuwa na msafara: malori sita kutoka Nyaramba, kupitia Nyamira na Kisii, hadi uwanja wa Ogembo, watu wayaone. Thadeus alijua. Alijua pia kwamba Mama Mong'ina hakumwekea siku maalumu ya kumletea kiti chake. Hata hivyo aliichagua Jumapili hiyo, akapiga shati pasi mara mbili, na akajiambia kwamba ni bahati tu.

Kiti alikuwa amekifanya cha enzi, chenye mikono na mahali pa kuegemeza kichwa, kwa ile ngozi nyekundu. Ngozi nzuri haitupwi. Mong'ina alikikalia, akajitupa nyuma, akapiga vigelegele mwenyewe, na soko zima likaitikia.

"Lakini fundi, hapa mgongoni pameandikwa nini? Mimi miwani nimeiacha nyumbani."

"Ni... ni urembo tu, mama."

Kabla hajasema zaidi, honi sita zilisikika kutoka juu ya mlima. Watu wakakimbilia barabarani. Bedford ilitangulia, Mzee Anyona akipunga kofia. La pili lilikuwa Mercedes la pua, macho yote mawili yanang'aa, na nyuma ya usukani kitambaa cha manjano. Thadeus alirudi nyuma hatua moja, akakanyaga mkungu wa ndizi.

Lori likatoka kwenye msafara. Likasimama pale pale mbele ya ndizi, breki zikipumua. Drusilla akaruka chini, ovaroli ya buluu, vipuli vyeupe. Alikuwa ameshamwona.

"Wewe!" alisema. "Simu ni ya kupamba meza?"

"Nilikuwa..."

Hakumaliza, maana macho ya Drusilla yalikuwa yameangukia kiti, na juu ya kiti bibi kizee mwenye kanga mbili, na nyuma ya kichwa cha bibi kizee, kwa uzi wa manjano na herufi zenye mikia, jina lake.

"Kwa nini huyu mama ameandikwa Drusilla?"

"Mimi?" Mong'ina akageuka. "Mimi ni Mong'ina. Kumbe urembo wenyewe ndio huu! Basi binti, njoo nikusalimie, mimi ndiye niliyekuwa nikimlelea baba yako kiti."

Drusilla alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tairi la lori asianguke, na machozi yakamtoka, na Thadeus hakuweza kusema ni ya kicheko au ni ya kitu kingine. Kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Mzee Anyona na wanachama walikuwa wameshafika, wamesimama kwa nyuma.

"Nilikutukana mbele ya hawa," alisema, sauti ikitoka wazi kama darasani. "Basi nakuomba radhi mbele yao, na mbele ya Ogembo. Wewe si fundi wa kung'arisha. Nilipokalia kile kiti Jumatano, nilitafuta mahali ulipogusa, sikupaona. Mama akaniambia habari za Mombasa. Miaka yote hii nimekalia mapenzi ya wazazi wangu, sijui! Ni wewe uliyeyasoma."

"Na mimi nilisema neno baya," Thadeus alijibu.

"Lilikuwa baya. Lakini halikuwa la uongo sana."

"Mkumbatie basi!" Mong'ina akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake cha enzi. "Ndizi zangu zinaiva!"

* * *

Saa tisa, maonyesho yalipokwisha, Drusilla alimwambia apande. Thadeus alizunguka upande wa kushoto, akafungua mlango, akakuta kreti la soda lililotandikwa gunia.

"Huku hakuna kiti?"

"Kilioza. Panya walikimaliza lori likiwa limelala. Kalia hicho hicho."

Waliondoka Ogembo polepole, migomba ikipita kando, watoto wakipunga mikono. Mlima ulipoanza, Drusilla aliingiza gia ya pili, na lori likapanda likinguruma kwa utulivu, kama linalosimulia. Thadeus alirukaruka juu ya kreti.

"Nitakushonea kiti cha huku," alisema. "Safari hii nitauliza kwanza. Unakitaka vipi?"

"Kipya kabisa. Kila kitu kipya. Chagua rangi unayoitaka wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Fundi akitengeneza kiti, huchukua vipimo vya nani?"

"Vya atakayekikalia."

"Basi."

Lori likapita kona, likapita ng'ombe watatu na kanisa. Thadeus alikuwa ameacha kurukaruka.

"Drusilla. Unaniposa? Kwenye gia ya pili?"

"Nikingoja ya tatu, injini itapiga kelele, hutanisikia." Alikuwa akitazama barabara, lakini sikio lake, lenye kipuli cheupe, lilikuwa likimngoja yeye. "Jibu haraka, mlima unaisha."

"Na mambo ya kanisa? Mimi misa, wewe Sabato?"

"Jumamosi utakuja kwetu. Jumapili nitakusindikiza kwenu. Mungu akituona mara mbili kwa wiki, kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya," Thadeus alisema. "Nimekubali. Nimekubali tangu Daraja Mbili."

Mlima ukaisha, gia ya tatu ikaingia, na kweli hawakusikizana tena hadi Kisii. Haikuwa shida. Walikuwa wakicheka tu.

Wazee wa Thadeus waliingia Nyaramba mwezi wa Disemba, wakapokewa na Gladys kwa ugali wa wimbi na kuku, na Mzee Anyona akajifanya mjomba ili naye apate la kusema. Mazungumzo hayakuwa marefu. Harusi wakaiweka Aprili, shule zikiwa zimefungwa.

Kiti cha upande wa kushoto kilikamilika Januari, ngozi ya kijani cha majani chai. Drusilla alikuja kukitazama kibandani, akakikagua mshono kwa mshono kama anayesahihisha mtihani, kisha akapima upana kwa shubiri, akakunja uso.

"Mbona kimekuzidi?"

"Nimeongeza inchi mbili."

"Za nini?"

Thadeus alikuwa ameinama, anafunga kifungo cha mwisho. "Nimeonja mapishi ya mama yako," alisema. "Na nasikia amekufundisha yote."